Alfred Charles Hobbs
Alfred Charles Hobbs (Boston, Marekani, 1812 – Bridgeport, Connecticut, 1891) alikuwa fundi wa kufuli kutoka nchini Marekani.

Anajulikana hasa kwa kufungua bila ufunguo kufuli mbili ambazo Waingereza waliamini hazifunguki, mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London. Ile ya Chubb ilimchukua dakika 25 tu. Ile ya Bramah, iliyokaa miaka mingi katika dirisha la duka ikiwa na ahadi ya gini 200, ilimchukua saa 51 katika siku 16, kwa vifaa alivyovitengeneza mwenyewe. Kampuni ililalamika, lakini zawadi alipewa.

Alipolaumiwa kwamba anawafundisha wezi, alishikilia kuwa wezi walikwisha kuyajua hayo. Waliodanganyika ni wanunuzi. Baadaye alianzisha kiwanda cha kufuli hukohuko London.