Benson Masya: Bondia wa Kitui aliyefungua orodha ya mabingwa wa nusu marathon

KATIKA orodha ya mabingwa wa dunia wa mbio za nusu marathon, jina la kwanza kabisa ni la mwana wa Kitui. Kabla ya Moses Tanui, kabla ya Paul Tergat na kabla ya wengine wote waliolifanya taji hilo kuwa kama mali ya Kenya, alitangulia Benson Masya, kijana aliyeingia michezoni akiwa amevaa glavu za ndondi.

Masya alizaliwa Kitui mnamo Mei 14, 1970. Wakati huo Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, na ilipata wilaya yake mwaka wa 1992, mwaka ule ule ambao Masya alitawazwa bingwa wa dunia. Anayeijua sehemu hiyo ya Ukambani ataelewa kwa nini wengi hawakutarajia bingwa wa mbio ndefu kutoka huko. Ni nchi ya jua kali na mvua ya kubahatisha. Mito yake huwa mchanga mtupu kwa miezi mingi, na akina mama huchimba visima mle mle mchangani ili kupata maji. Mji wa Kitui uko kwenye mwinuko wa mita elfu moja na ushee tu kutoka usawa wa bahari, ilhali Eldoret na vitongoji vyake viko juu ya mita 2,000.

Tofauti hiyo ya mwinuko ndiyo iliyozaa imani kwamba mbio ndefu ni urithi wa watu wa nyanda za juu za Bonde la Ufa. Sisi wa vyumba vya habari tuliieneza imani hiyo kwa bidii, maana ilikuwa rahisi kuandika na rahisi kusomeka. Mwanariadha akitoka Nandi au Keiyo hakuhitaji maelezo. Akitoka Kitui, ilibidi aelezwe.

Mchezo wa kwanza wa Masya ulikuwa ndondi. Alipigana katika uzani wa bantam, ambao kwa kanuni za ndondi za ridhaa za miaka hiyo ulikuwa na kikomo cha kilo 54. Bondia wa uzani huo hana budi kukimbia sana. Hukimbia alfajiri ili kupunguza mwili, na hukimbia tena ili apate pumzi ya kumalizia raundi ya mwisho. Wengi huona mazoezi hayo kuwa adhabu. Kwa Masya yaligeuka kuwa kazi, na alipozivua glavu miguu yake ilikuwa tayari.

Mnamo 1991 alishinda Great North Run kaskazini mwa Uingereza, mbio zinazoanzia mjini Newcastle, zikavuka daraja la mto Tyne na kuishia South Shields, ufuoni mwa Bahari ya Kaskazini. Mbio hizo zilikuwapo tangu 1981 na zilikuwa zimekwisha kuwa miongoni mwa nusu marathon kubwa duniani. Desemba ya mwaka huo huo akaenda Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, akashinda marathon kamili.

Honolulu panastahili maelezo kidogo. Mbio za huko huanza saa kumi na moja alfajiri, kungali giza, kwa sababu jua likishachomoza joto na unyevu wa bahari huwachosha wakimbiaji vibaya. Muda wa ushindi huwa si wa kutisha. Anayeshinda ni yule anayejua kuvumilia hali ya hewa. Masya alishinda huko mara tatu, mwaka wa 1991, 1992 na 1994. Sidhani ni sadfa kwamba Jimmy Muindi, Mkamba mwenzake, alikuja kushinda marathon hiyo hiyo mara sita kati ya 1999 na 2007. Huenda jua lile lile lililodhaniwa kuwa kikwazo ndilo lililowafunza.

Mwaka wa 1992 Shirikisho la Kimataifa la Riadha lilianzisha Mashindano ya Dunia ya Nusu Marathon, na lilichagua barabara ile ile ya Newcastle hadi South Shields. Siku ilikuwa Septemba 20. Neno nusu liliwafanya baadhi ya watu kuyatazama mashindano hayo kama kitu pungufu, kana kwamba kilomita 21 ni kipande kilichokatwa kutoka kwa mbio zenyewe. Kumbe nusu marathon ina ugumu wake. Mkimbiaji huenda kwa kasi inayokaribia ile ya mita 10,000 uwanjani, lakini kwa umbali unaozidi maradufu, na barabarani hakuna kengele ya kumwambia kwamba umebaki mzunguko mmoja.

Mashindano hayo pia yalikuwa ya timu. Muda wa wakimbiaji watatu bora wa kila nchi ulijumlishwa, na jumla ndogo ndiyo iliyotoa washindi. Hesabu hiyo haina huruma, kwani nchi yenye nyota mmoja na wenzake wawili wanaojikokota nyuma haipati kitu. Nahodha hawezi kumwacha mwenzake akate tamaa, na anayeshika nafasi ya tatu katika timu hupigania kila sekunde ingawa kamera hazimtazami.

Wanawake walikimbia siku hiyo pia. Liz McColgan wa Scotland, aliyekuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 tangu Tokyo mwaka wa 1991, alishinda kwa saa 1:08:53 mbele ya mashabiki wa kwao. Hata hivyo, dhahabu ya timu ya wanawake ilikwenda Japani. Taji la mtu mmoja na taji la nchi yakaenda kwa wenyewe tofauti.

Kwa wanaume yote mawili yalikuja Kenya. Masya alikata utepe kwa saa moja na sekunde 24. Antonio Silio wa Argentina alimfuata, na nishani ya shaba ikachukuliwa na Boay Akonay wa Tanzania, hivyo Afrika Mashariki ikawa na wawili kati ya watatu waliopanda jukwaani. Dhahabu ya timu ya wanaume ilibaki mikononi mwa Kenya kwa mashindano manne mfululizo, hadi Italia ilipoitwaa mwaka wa 1996. Miezi mitatu hivi baada ya South Shields, bingwa huyo mpya alirudi Honolulu na kuutetea ushindi wake wa marathon.

Hakuwahi kulitwaa tena taji la dunia. Lakini barabara ya Newcastle ilimpenda. Mwaka wa 1993 Great North Run ilishindwa na Moses Tanui, bingwa wa dunia wa mita 10,000 wa mwaka wa 1991, ambaye mjini Milan mwaka huo alikuwa mtu wa kwanza kukimbia nusu marathon chini ya saa moja, kwa dakika 59 na sekunde 47. Mwaka wa 1994 Masya akairejesha kwa saa moja na sekunde mbili. Mwaka wa 1995 Tanui akaichukua tena, na mwaka wa 1996 Masya akaipokonya kwa mara ya nne. Kwa miaka minne mtu wa Nandi na mtu wa Kitui walipokezana ushindi wa mbio moja ya Waingereza, na hakuna mgeni aliyewaingilia. Ushindi huo wa mara nne haukufikiwa na mwanamume yeyote hadi mwaka wa 2017, Mo Farah alipoufikia kisha akaupita.

Nyuma yake Ukambani haikukauka. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Patrick Ivuti alishinda Chicago mwaka wa 2007, na Patrick Makau akaweka rekodi ya dunia ya marathon mjini Berlin mwaka wa 2011, kwa saa 2:03:38. Makueni ilimtoa Winfred Yavi, bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka wa 2023 na bingwa wa Olimpiki jijini Paris mwaka wa 2024. Uchungu ni kwamba dhahabu zake zimeandikwa Bahrain, nchi aliyoanza kuiwakilisha akiwa bado msichana mdogo. Katika hesabu ya timu, Makueni inakimbia lakini jumla inakwenda kwingine.

Masya hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Mnamo Septemba 21, 2003, katika barabara ile ya Newcastle, Paula Radcliffe wa Uingereza alikimbia kwa saa 1:05:40, kasi ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa ameifikia katika umbali huo. Siku tatu baadaye, Septemba 24, Masya alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 33. Mnamo Oktoba 4, mjini Vilamoura, Ureno, Martin Lel wa Kenya alitawazwa bingwa wa dunia wa nusu marathon.