Hattie McDaniel: mshindi wa Oscar aliyeketishwa pembeni

Usiku wa tarehe 29 Februari mwaka 1940, Hattie McDaniel alikuwa mtu mweusi wa kwanza kutunukiwa tuzo ya Oscar. Sherehe ilifanyika katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, Marekani, hoteli ambayo haikuwa ikipokea wageni weusi. Aliruhusiwa kuingia kwa ombi la mtayarishaji wa filamu yake, David O. Selznick, na akawekewa meza ndogo pembeni, mbali na waigizaji wenzake.

Binti wa waliokuwa watumwa

Alizaliwa Juni 1893 mjini Wichita, katika jimbo la Kansas, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Wazazi wake wote wawili walikuwa wameishi utumwani. Baba yake, Henry, alipigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na mama yake, Susan, aliimba nyimbo za dini. Familia ilihamia jimbo la Colorado, na ni huko Denver ambako Hattie alianza kuimba na kuigiza jukwaani pamoja na kaka zake.

Katika miaka ya 1920 alizunguka miji mingi na bendi ya George Morrison, na sauti yake ikasikika redioni. Uchumi ulipoporomoka mwaka 1929, kazi za jukwaani zilikauka. Alijikuta akihudumu katika choo cha wanawake kwenye klabu moja ya usiku karibu na Milwaukee, kabla ya kuruhusiwa kuimba hapo hapo.

Mtumishi ndani na nje ya filamu

Mwaka 1931 aliwafuata ndugu zake Los Angeles. Alipokosa nafasi za kuigiza alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu; alipozipata, aliigiza watumishi wa ndani. Katika filamu nyingi za mwanzo hata jina lake halikuandikwa.

Hata hivyo, katika nafasi hizo finyu alionyesha ustadi wake. Katika Alice Adams ya mwaka 1935, yeye ni mtumishi wa kukodiwa anayegawa chakula kwa uzembe, hadi majivuno ya wenyeji yakaumbuka mbele ya mgeni wao. Mwaka uliofuata aliigiza katika Show Boat pamoja na Paul Robeson.

Mwaka 1939 ikaja Gone with the Wind, ambamo aliigiza Mammy, mtumwa anayemlea Scarlett O'Hara na kumkaripia bila woga. Filamu hiyo ilipozinduliwa mjini Atlanta mwezi Desemba, Hattie hakuwepo, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliotawala jimbo la Georgia.

Lawama na mahakama

Tuzo haikumletea nafasi mpya. Aliendelea kupewa nafasi za watumishi, na viongozi wa chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, wakiongozwa na Walter White, waliwalaumu waigizaji wa aina yake kwa kueneza taswira ya mtu mweusi anayefurahia utumishi. Yeye alijitetea kwamba hiyo ilikuwa kazi halali, na kwamba alijitahidi kuifanya kwa heshima.

Nje ya studio hakunyamaza. Wazungu wa mtaa alikonunua nyumba walipokwenda mahakamani kutaka wakazi weusi wafukuzwe, Hattie alisimama mbele katika kuwakusanya majirani wajitetee. Mwaka 1945 jaji aliitupilia mbali kesi hiyo. Miaka mitatu baadaye Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kuwa mikataba ya kuwazuia weusi kununua nyumba haiwezi kutekelezwa na mahakama.

Mwaka 1947 aliongoza mchezo wa redio uitwao Beulah, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kupata nafasi ya aina hiyo. Hapo tena aliigiza mtumishi.

Wosia uliokataliwa

Alifariki kwa saratani ya matiti tarehe 26 Oktoba 1952, akiwa na umri wa miaka 59. Alikuwa ameusia azikwe katika makaburi ya Hollywood, lakini hayo yalikuwa ya wazungu pekee, akazikwa Rosedale. Mnara wa kumbukumbu yake uliwekwa Hollywood mwaka 1999.

Ilichukua hadi 1991 kwa mwigizaji mwingine mwanamke mweusi, Whoopi Goldberg, kushinda Oscar. Lupita Nyong'o wa Kenya alishinda tuzo ile ile ya mwigizaji msaidizi mwaka 2014, naye pia kwa kuigiza mtumwa.

Tuzo ya Hattie, aliyoiusia Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, ilipotea humo baadaye. Oktoba 2023, waandaaji wa Oscar walikikabidhi chuo hicho nyingine badala yake.