Brown-Séquard, dokta aliyejipiga sindano ya nguvu

Kila mara tunapoongea juu ya vijana wanaotafuta misuli kwa vidonge na sindano, watu wanafikiri ni ugonjwa wa siku hizi. Hapana. Jambo hili ni la zamani, na mtu aliyefungua mlango hakuwa mwizi wala tapeli. Alikuwa mmoja wa watu wa elimu wakubwa wa Ufaransa, tena mzaliwa wa kisiwa cha Afrika. Leo tunawaletea maisha yake.

Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, katika kisiwa cha Morisi, tarehe 8 mwezi wa nne 1817. Baba yake, Mmarekani, alikuwa kapiteni wa meli. Alipotea baharini, mtoto hakumjua. Mama yake, mwenye asili ya Kifaransa, ndiye aliyemlea kwa kazi ya kushona nguo. Kijana alipenda sana kuandika, na mwaka 1838 alifika Paris na karatasi zake mkononi. Mwandishi Charles Nodier alizisoma, akamshauri atafute kazi ingine. Basi akaingia masomo ya uganga, akapata udokta mwaka 1846.

Tabia yake moja ilijulikana mapema: alipenda kujaribu mambo juu ya mwili wake mwenyewe. Kusudi achunguze maji ya tumbo, alimeza vipande vya eponji vilivyofungwa kwa uzi, kisha akavivuta. Tumbo lake halikusahau: tangu hapo chakula kilikuwa kinamrudilia mdomoni. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoua watu wengi Morisi, alikuwa huko, akatunza wagonjwa, na watu wa kisiwa wakampa medali ya shukrani.

Kazi yake kubwa ilikuwa juu ya uti wa mgongo. Alionyesha kama uti ukikatwa nusu, upande ule ule wa mwili unakosa nguvu ya kutembea, lakini upande wa pili ndio unaokosa kusikia maumivu. Mpaka leo madokta wanaita hali hiyo kwa jina lake. Mwaka 1856 alionyesha kama mnyama akitolewa tezi ndogo zinazokaa juu ya figo, anakufa upesi. Kutoka hapo alishika wazo moja: kuna viungo vinavyomwaga kitu ndani ya damu, na mwili wote unaishi kwa kitu hicho. Wazo hilo lilikuwa la kweli. Alifundisha Harvard, akatibu London, na mwaka 1878 akarithi kiti cha Claude Bernard kwenye Collège de France.

Halafu uzee ukamfikia. Miguu ilichoka, usingizi ulikimbia. Tarehe 1 mwezi wa sita 1889, akiwa na miaka 72, alisimama mbele ya wenzake wa Société de Biologie na kueleza jambo lililowashangaza wote. Alikuwa amesaga makende ya mbwa na ya kobayi, akachanganya na maji, akachuja, na kujipiga sindano mara kadhaa. Alisema nguvu zimerudi: anapanda ngazi mbio, anafanya kazi masaa mengi, na mkono wake, kwa mashine ya kupimia nguvu, umeongeza kama kilo 6.

Magazeti yakashika habari, na wachuuzi hawakungoja. Yeye mwenyewe aligawa dawa bure kwa madokta ili waijaribu, lakini Marekani watu walianza kuuza chupa zao. Mwezi wa nane mwaka ule ule, mchezaji wa besiboli wa Pittsburgh, Pud Galvin, alipigwa sindano ya namna hiyo, timu yake ikashinda, na gazeti likasifu dawa. Michezo na sindano vikaoana siku hizo.

Kumbe ndani ya chupa hamkuwa kitu. Makende yanatengeneza homoni ya kiume lakini hayaiweki akiba nyingi, tena homoni hiyo haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walirudilia kazi yake sawasawa na kupima: kiasi kilichopatikana kilikuwa kidogo mno, hakiwezi kufanya lolote. Nguvu ile ilitoka katika hamu ya mzee. Na kweli, nyuma ya wiki chache uchovu ulirudi. Alifariki mwezi wa nne 1894.

Tunaeleza haya juu ya nini? Kwa sababu kijana anayesema kwenye sali ya mazoezi kwamba dawa fulani imemfaa, anatoa ushuhuda ule ule wa profesa. Kama mtu wa elimu vile, mwenye mashine ya kupimia, alidanganywa na mwili wake, sisi wengine tutapona wapi?

Lakini kuna tofauti, na hiyo ndiyo inayotutia woga. Chupa ya mzee ilikuwa tupu. Mwaka 1935 wataalamu walipata homoni yenyewe, testosteroni, na mwaka ule ule wakaweza kuitengeneza kwa kemia. Kutoka hapo zikazaliwa steroidi, na hizo zinakuza misuli kweli. Olimpiki ilizikataza mwaka 1975. Zinaharibu moyo, vidonge vyake vinachosha ini, vinaleta chunusi na hasira, na vinaweza kuotesha mwanaume matiti. Mwili ukiona homoni inatoka nje, unafunga kiwanda chake: makende yanasinyaa, mbegu zinapungua, na wengine wanakawia kupata mtoto au wanakosa kabisa. Sindano ikipita kwa watu wawili, inabeba ukimwi na homa ya ini. Hata mikebe ya unga unaosemekana ni chakula tu, mingine imekutwa na steroidi zisizoandikwa juu yake.

Brown-Séquard alitafuta uanaume ndani ya sindano akiwa na miaka 72, na hakupoteza kitu. Kijana wa miaka 18 anautafuta akiwa nao tayari, na anaweza kuupoteza. Wazazi na walimu wa michezo, muwaulize watoto ni nini wanachomeza. Na wewe kijana, kabla ya kununua, muulize dokta, usimwulize muuzaji.