Daktari wa Mulago Aliyeuliza "Wapi?"

Wengi wetu hupita Mulago kila juma bila kujua kwamba saratani moja maarufu duniani imepewa jina la daktari aliyefanya kazi pale. Ni Denis Burkitt, aliyezaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, akapoteza jicho moja utotoni, na bado akawa daktari wa upasuaji. Alikuwa Mkristo mshika dini. Hilo halitunyimi haki ya kujifunza kwake.

Alianzia Lira mwaka 1946. Huko aliona kwamba mabusha yalikuwa mengi mashariki mwa Lango na machache magharibi. Tangu hapo hakuridhika kuuliza mgonjwa ana nini. Aliuliza pia ametoka wapi.

Mwaka 1957, akiwa Mulago, aliitwa kumtazama mtoto mwenye uvimbe kulia na kushoto, taya ya juu na ya chini. Baada ya wiki chache akaona mwingine Jinja, hali ile ile. Watoto hao walikuwa wakifa upesi. Lakini wagonjwa wawili si takwimu. Akapekua rekodi za hospitali, kisha akatuma karatasi zenye picha katika hospitali nyingi za Afrika: je, mmewaona watoto kama hawa? Aliyejibu kwamba hajaona naye aliwekwa kwenye ramani. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote, maana sisi katika mijadala yetu huhesabu mifano inayotuunga mkono tu.

Mwaka 1961 alitoka Kampala na madaktari wawili kwa gari kuukuu, wakaenda hadi Afrika Kusini, maili 10,000 hivi kwa wiki 10, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Wanafunzi wa hadithi wataielewa safari hiyo: habari hufuatwa kwa aliyeibeba.

Hapa kwetu uvimbe ule haukuonekana kwenye miinuko ya zaidi ya mita 1,500 hivi. Ilidhaniwa basi sababu ni mwinuko. Lakini kadiri walivyoelekea kusini mpaka ule ulishuka, hata ukakaribia usawa wa bahari. Kumbe kilichopimwa ni joto, pamoja na mvua. Na penye joto na mvua pana mbu, kwa hiyo ikadhaniwa mbu hubeba kirusi fulani.

Mwaka 1964, London, Epstein, Achong na Barr walikiona kirusi katika chembe za uvimbe uliotoka Uganda. Ila hakibebwi na mbu. Huambukizwa kwa mate, na watu wengi duniani wanacho bila kupata saratani. Mbu aliingia kwa mlango mwingine: malaria ya mara kwa mara huudhoofisha mwili wa mtoto mbele ya kirusi hicho. Ramani ilikuwa sahihi. Maelezo ya kwanza juu yake hayakuwa.

Burkitt pia aliwatibu watoto hao kwa dawa, na baadhi yao walipona kabisa. Alifariki mwaka 1993. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza pale Mulago mwaka 1967, na wagonjwa wake wa mwanzo walikuwa watoto wenye uvimbe ule.