Terry Fox: Alikimbia kilomita 5,373 kwa mguu mmoja, akaomba dola moja tu kwa kila mtu

Aprili 12, 1980, kijana wa miaka 21 alichovya mguu wake wa bandia kwenye maji baridi ya Bahari ya Atlantiki mjini St. John's, mashariki kabisa mwa Canada. Kisha akageuka na kuanza kukimbia kuelekea magharibi.

Mpango wake ulikuwa kuivuka Canada nzima hadi Bahari ya Pasifiki, kilomita 42 kwa siku. Yaani leo marathoni nzima, kesho nyingine, keshokutwa tena.

Jina lake ni Terry Fox.

Goti lilianza kuuma

Terry alizaliwa Julai 28, 1958 mjini Winnipeg, akakulia Port Coquitlam, upande wa magharibi. Alipenda sana mpira wa kikapu ingawa alikuwa mfupi. Mwanzoni shuleni alikaa benchi karibu msimu mzima, lakini hakuacha kujifua, na baadaye akapata namba kwenye timu ya chuo kikuu.

Machi 1977, akiwa na miaka 18, maumivu ya goti la kulia yalimfikisha hospitali. Kumbe ni saratani ya mfupa. Mguu ukakatwa juu ya goti.

Usiku wa kuamkia upasuaji alisoma makala kuhusu mwanamume aliyemaliza marathoni ya New York akiwa na mguu wa bandia. Wazo likaingia kichwani.

Ila kilichomsukuma zaidi ni miezi 16 ya tiba ya kemikali. Wodini aliona vijana na watoto wakiteseka, wengine wakifa. Aliambiwa pia kwamba nafasi yake ya kupona imeongezeka kutokana na utafiti wa miaka ya karibuni tu. Alijiona ana deni. Akaamua kuchangisha pesa za utafiti wa saratani.

Alipowaambia wazazi, mama yake Betty aliona mwanawe amechanganyikiwa. Baba yake Rolland aliuliza tu ataanza lini.

Barabarani

Kukimbia na mguu wa bandia wa enzi zile si mchezo. Ilimbidi aruke mara mbili kwa mguu mzima, ndipo ule wa bandia uwahi kusogea mbele. Kigutu kilichubuka, kikatoka damu. Bado aliamka kabla ya jua kuchomoza, akaingia barabarani. Rafiki yake Doug Alward alimfuata na gari, na baadaye mdogo wake Darrell akajiunga nao.

Siku za kwanza zilikuwa za upepo, mvua na theluji, na watu wachache walimjua. Sehemu nyingine madereva walimsukumia nje ya barabara.

Lakini katika mji wa Port aux Basques, wenye wakazi kama 10,000, walimkabidhi zaidi ya dola 10,000. Ni kama dola moja kwa kila mkazi! Hesabu hiyo ndiyo ikawa ombi lake kwa Canada nzima: watu milioni 24, dola milioni 24. Haba na haba.

Alipofika Toronto mwezi Julai, maelfu walifurika kumpokea. Watu walijipanga kandokando ya barabara, wengine wakilia, wakimpa noti na sarafu mkononi. Waliotaka kumtumia kutangaza biashara zao aliwakatalia. Hakutaka senti hata moja iwe yake.

Kuna jambo moja ambalo si la kuiga. Alikataa kupimwa afya mara kwa mara, na hata siku aliyotimiza miaka 22 alikimbia kama kawaida.

Siku ya 143

Septemba 1, 1980, karibu na mji wa Thunder Bay, kifua kilimbana. Alikohoa, akashindwa kupumua vizuri. Watu walikuwa bado wamesimama njiani wakimshangilia, basi akajikaza hadi alipowapita. Kisha akaingia kwenye gari, akaomba apelekwe hospitali.

Saratani ilikuwa imefika kwenye mapafu. Alikuwa amekimbia siku 143, kilomita 5,373, na kukusanya takriban dola milioni 1.7. Pasifiki ilikuwa bado mbali.

Hapo ndipo wengine walipopokea kijiti. Siku chache baadaye, kipindi maalumu cha televisheni kilichangisha zaidi ya dola milioni 10. Michango ikaendelea kumiminika, na Februari 1981 ilivuka milioni 24. Dola moja kwa kila Mkanada ilikuwa imetimia, na Terry alikuwa hai kuiona.

Alifariki Juni 28, 1981, mwezi mmoja kabla ya kufikisha miaka 23. Bendera zilipepea nusu mlingoti Canada nzima.

Mbio hazijaisha

Septemba mwaka huohuo watu 300,000 walijitokeza kwenye mbio za kwanza za kumkumbuka. Tangu hapo zimefanyika kila mwaka, na nchi nyingine nyingi zimejiunga. Jumla ya michango kwa jina lake imepita dola milioni 800.

Mbio hizo hazina mshindi. Unaweza kukimbia, kutembea au kwenda kwa kiti cha magurudumu, na unatoa ulichonacho. Hata kama ni dola moja.