Kiichiro Toyoda: Mkuu Aliyewajibika

Ndugu tuliosoma hapa, nanyi vijana mliomo madarasani, kwa safari zangu zote za kikazi ndani ya Toyota, nimeona inafaa tumkumbuke mwanzilishi wake.

Kiichiro Toyoda alizaliwa Japani mwaka 1894, mwana wa mvumbuzi wa mashine za kufuma nguo. Alisomea uhandisi Tokyo. Mwaka 1933 alianzisha idara ya magari katika kiwanda cha mashine hizo. Mwaka 1937 ikawa kampuni kamili.

Mwaka 1950 kampuni ilikaribia kufilisika. Ilipolazimu kupunguza wafanyakazi, jambo alilolipinga, nao wakagoma, alijiuzulu. Muda si mrefu vita vya Korea vikaleta maagizo ya malori, kampuni ikapona. Alifariki mwaka 1952, kabla ya kurejea uongozini.

Vijana, cheo ni dhamana; asiyekuwa tayari kukiacha hafai kupewa.