William Coolidge na Metali Isiyopindika

William David Coolidge alizaliwa mwaka 1873 katika Hudson, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima na mshona viatu. Kijana huyo aliacha masomo kwa muda akafanya kazi katika kiwanda cha mpira, kisha akarudi shuleni. Alijifunza elimu ya umeme, akavuka bahari kwenda Ujerumani, na mwaka 1899 alipata shahada ya udaktari huko Leipzig.

Mwaka 1905 aliingia katika maabara ya kampuni ya General Electric, mjini Schenectady. Siku zile taa nyingi za umeme zilikuwa na uzi wa kaboni, na nuru yake ilikuwa hafifu. Wataalamu waliitamani tungsteni, kwa maana hakuna metali inayostahimili moto kama hiyo: haiyeyuki mpaka joto lifike digrii 3,422 za sentigredi. Lakini ilikuwa na kasoro kubwa. Ikiwa baridi, ilivunjika kama kioo.

Coolidge alishindana nayo kwa miaka kadhaa. Metali nyingi zikifuliwa huwa ngumu, na zikitiwa motoni hulainika. Tungsteni ilikuwa na tabia yake. Basi akaipasha moto mkali, akaifua. Akapunguza moto kidogo, akaifua tena. Na kila alipofanya hivyo ilizidi kupindika. Mwisho akaivuta katika matundu ya almasi, ikawa uzi mwembamba kuliko unywele, usiovunjika hata ukiwa baridi. Mwaka 1911 taa za uzi huo zilianza kuuzwa. Mwaka 1913 alitumia tungsteni kutengeneza chombo bora cha eksirei, na waganga wakaweza kuiona mifupa vizuri zaidi. Alikufa mwaka 1975, mwenye umri wa miaka 101.

Hata hivyo kazi aliyoianza haijaisha. Huko Cadarache, Ufaransa, mataifa mengi yanajenga mtambo uitwao ITER, wa kuunganisha viini vya atomu za hidrojeni, mfano wa jua, ili kutafuta njia mpya ya kupata nishati. Tungsteni imechaguliwa kufunika sehemu ya chini ya mtambo, inayopigwa na joto kali mno. Lakini kasoro ya kale ingalipo, na chembe zirukazo kutoka viini hivyo huizidisha. Kwa hiyo wataalamu huichanganya na metali nyingine, kama tantali na reniamu, wakijaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine. Nao, kama Coolidge, hawana budi kuijua kwanza tabia ya metali hiyo, ndipo wapate kuitawala.